Athmani hakujiua, na nyinyi mwatia kinyaa

Akili yangu imekataa kabisa. Tangu nilipopigiwa simu kwamba Athmani amekutwa amekufa jangwani, kule Chalbi, kila asubuhi naingia ofisini na kutazama kiti chake. Nangoja aniulize, "Zuhura, leo umekuja na mahamri au umekuja na mdomo tu?"

Kwa msiomjua: ni Athmani wa Junda, kule Kisauni. Tulikuwa tukishughulikia makaratasi ya makontena pamoja, huku Changamwe. Likizo zake zote alizimaliza kwa kutembea na hema mgongoni.

Nilitaka kuandika kwa upole. Nimeshindwa. Nimefungua simu, nikasoma mnayoyaandika, na wallahi mmenitia kinyaa.

Kuna mtu amechukua picha ya hema lake, akatia muziki wa huzuni na kuandika, "Siri ya kifo cha Athmani, fuata ukurasa wetu upate sehemu ya pili." Sehemu ya pili! Mwana wa mtu amekuwa tamthilia. Chini yake mwengine anatangaza viatu vya kupandia milima, na bei kaweka. Astaghfirullah. Nyinyi mwala nini?

Athmani ninayemjua mimi alijaza mkoba mchanga akatembea nao juani, Bombolulu mpaka Mjambere, ati mazoezi. Watu wakadhani ni mchuuzi. Mama mmoja akamsimamisha kwa nguvu: "We kijana, hebu shusha tuone, una mitandio?" Akafungua. Yule mama akautazama mchanga, akamtazama yeye, akasema, "Pole, mwanangu," akaenda zake.

Hema alilijaribu uani kwao. Kuku wakalitagia. Mamake, Bi Mwanaisha, akapiga kelele dirishani, "Athmani! Kitanda nilichokununulia kina kunguni?" Na yeye mle ndani, "Naam mama, nafanya mazoezi!"

Siku moja nilimwuliza kwa nini lazima aende peke yake. Akaniambia, "Zuhura, mchana kutwa ni honi za malori na bosi yuataka makaratasi. Nataka niende mahali nisikie masikio yangu mwenyewe." Basi. Siri ndiyo hiyo, na sehemu ya pili hakuna.

Lakini lililonitapisha hasa nililisikia matangani, kwao Junda. Mtu amekaa kwenye jamvi la watu, kahawa ya watu mkononi, asema: "Amekutwa na maji tele. Mtu ana maji, atakufaje kwa kiu? Huyo alikwenda kujimaliza." Mamake yuko chumba cha pili, kilichowatenga ni pazia. Kesho yake maneno hayo hayo yakawa mtandaoni, na watu wanashea huku wanaandika "poleni familia".

Hata angekuwa amejitoa uhai kweli, mamake ndiye wa kufanyiwa hivi? Hamna haya?

Bi Mwanaisha akaacha kula. Nilipokwenda kumsalimia aliniitikia marahaba kwa taabu, akanivuta karibu, akaniuliza pole pole: "Mwanangu, Athmani alikuwa amenichoka?"

Sasa sikilizeni, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza.

Kakake alikwenda kumzika huko huko, na mganga wa zahanati akamweleza. Joto la kule ni kavu. Jasho lakutoka, lakini lakauka kabla hujaliona. Mwili waishiwa na maji, nawe wajiona mzima. Mwisho akili yavurugika, hata chupa iliyo mkononi huikumbuki.

Nani katika sisi wa Mombasa angelijua hilo? Sisi joto twalijua kwa shati kuganda mgongoni. Ukiwa mkavu, basi kumepoa, na maji ya nini? Athmani alikwenda jangwani akalipima jua la watu kwa kipimo cha Kisauni.

Sauti yake tunayo. Alipata mtandao juu ya kilima, akaituma kwenye grupu la ofisi, na ofisi nzima tukacheka kwa sababu sote tulikuwa tumelowa jasho chapachapa:

"Jamani, tumetishwa bure! Kwapa kavu, shati kavu, sijatoa jasho hata tone. Maji nayabeba kama zigo la mtu, sina haja nayo. Kisauni kuna joto kuliko huku, wallahi! Mwambieni mama ule mchuzi wa papa asimpe mtu, narudi kuumaliza mwenyewe."

Huyo ndiye mnayesema alikwenda kujiua.

Jana nikaenda Junda na simu yangu, nikamwekea mamake sikioni. Akasikiliza. Akaniambia, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Alipofika pale pa mchuzi akacheka, na kile kicheko kikageuka kilio, akaushika mkono wangu mpaka ukauma.

"Alikuwa arudi," akasema. "Zuhura, mwanangu alikuwa arudi."

Kisha akaomba chai na kipande cha mkate.

Kwa hiyo nyinyi wenye kurasa zenu, futeni. Msiniletee "samahani dada, hatukujua". Hamkujua kwa sababu hamkutaka kujua, mlitaka kutazamwa. Mwaninukia vibaya hata kwenye simu.

Athmani, ndugu yangu, wenyeji wa kule walikuosha, wakakuswalia, wakakulaza mahali pazuri penye kimya. Kakako amepaona, ametuambia. Ofisini nimewakataza kukigusa kiti chako, na mwezi huu hata bosi hajanibishia.

Lala salama, we mtu wa mchanga. Mamako amejua hukumchoka.