Msalaba wa Shaba Ndani ya Kabati la Shule

Ukumbi wa shule ya binti yangu, hapa mtaa wa Ladywood, Birmingham, unanuka dawa ya sakafu na makoti yaliyolowa mvua, vilevile kama ulivyonuka nilipokuwa mwanafunzi humo humo. Nilikuja kuelezwa maendeleo yake ya hesabu. Karibu na ofisi kuna kabati la kioo, nikainama kusoma kikaratasi: silaha ya kurusha, Afrika, zama za kati, zawadi kwa shule. Nyuma ya kikaratasi ulikuwa umelazwa msalaba wa shaba wa baba yangu. Sikukosea. Mkono mmoja ni mfupi kuliko mingine mitatu, na kibonyeo kilicho katikati nilikitia mimi, nikiutumia kuvunja mbegu za mchikichi. Nikajikuta ninapiga kioo kwa kiganja. Naibu mwalimu mkuu akatoka, akaniomba nipunguze sauti, watoto wanasikia. Nikamwambia wasikie. Nikamuuliza, zawadi ya nani?

Tulifika Birmingham kutoka Katanga mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikiwa na umri wa miaka tisa. Tulipewa nyumba ghorofa ya tisa, lifti ikifanya kazi siku ikipenda yenyewe. Baba aliuficha msalaba chini ya nguo, na Jumapili, tukitoka kanisani, aliutoa akausugua kwa limau na chumvi. Mikono yangu ilibaki na harufu ya shaba mpaka kesho yake. Aliniambia babu wa babu yake aliupata akilima karibu na ziwa Upemba, na kwamba watu wa zamani waliutumia kama fedha: walinunulia chumvi, majembe na mikuki, wakatoa mahari. Mtu akifa aliwekewa kifuani. "Huu haukuja na mapadri," alisema akicheka. "Mapadri waliukuta, wakafikiri wamefika wamechelewa." Kwetu desturi ilibaki hivi: baba akifariki, msalaba unalazwa kifuani mwake wakati wa matanga, kisha mtoto wa kwanza anauchukua. Mtoto wa kwanza ni mimi.

Majira ya baridi ya mwaka huo, darasani tulikuwa tunasoma zama za kati: panga, makanisa, wafanyabiashara wa pamba na viungo. Mwalimu akasema kila mtoto alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Mvulana mmoja alileta upanga wa plastiki, akapigiwa makofi. Mimi nilileta msalaba bila kumwambia baba. Mwalimu akauinua kwa vidole viwili, akauliza kama unarushwa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuhesabu kwa vidole, neno la fedha likanitoka kichwani, nikasema tu ni wa watu waliokufa. Ukafungiwa kwenye droo.

Baba aliitwa shuleni, akaja amevaa suti ya kanisani, mimi nikawa mkalimani wake. Nilitafsiri kwamba kitu kama hiki hakiruhusiwi shuleni, kwamba watakitunza, na kwamba aweke sahihi hapa. Akaweka. Akaomba radhi mara tatu, na mara zote tatu nilizitafsiri mimi. Huko ngazini nikamuuliza kwa nini hakuuomba.

"Nyamaza, mama. Makaratasi yetu ya kuishi hapa bado hayajatoka. Wakiandika kwamba tulileta silaha, tunarudishwa."

"Lakini si silaha, baba."

"Mimi najua. Wewe unajua. Tutakuja kuuchukua."

Makaratasi yalitoka baada ya miaka minne. Akaenda siku hiyo hiyo, suti ile ile. Wakamwambia hakuna anayekumbuka kitu kama hicho, na mwalimu yule alishahama. Hakurudi tena kuuliza, wala sikumlazimisha. Mwaka jana alifariki. Shangazi yangu wa Northfield alimtazama pale alipolazwa, akasema, "Ni kifua kitupu hivi, mama?" Na wakati wote huo msalaba ulikuwa umbali wa vituo viwili vya basi, chini ya taa ndogo, watoto wakiupita kwenda kula.

Binti yangu aliniuliza njiani, kwa Kiingereza chake, kama kweli babu yake alikuwa na silaha. Ana miaka tisa. Baba yangu hakuwa na makaratasi wala lugha, alikuwa na mimi tu, na mimi nilitafsiri radhi. Mimi leo ninavyo vyote viwili. Nilikaa mezani kabla hata sijavua koti, nikawaandikia wajumbe wa bodi ya shule:

"Ninalalamika rasmi. Kitu mlichoandika kuwa ni silaha ni fedha ya Katanga, na huwekwa kifuani mwa marehemu. Marehemu wetu mlimnyima. Hakikutolewa zawadi, kilichukuliwa kwa mtoto, na mtoto huyo ni mimi. Nitakuja Jumatatu saa tatu asubuhi kukichukua. Mahali kilipolala wekeni kikaratasi kipya kinachosema hayo yote. Binti yangu ndiye atakayekibeba, kwa mikono miwili, kupitia mlango wa mbele."