Betri ya Korali

Mie ni mutu wa hasira za karibu, sifichi. Kama si mama sekretere wetu, hasira hiyo ingeponza watu, na mpaka leo namushukuru Mungu kwa ajili yake.

Nachunga mashini za ofisi ndogo hapa Bunia, yenye kupokea wenye kukimbia vita toka Djugu. Ordinateri nzuri, kompyuta ya kazi, iko moja tu. Asubuhi mama anaandikia liste: familia gani imefika, inakaa kwa nani kule Shari, nyumba gani. Kisha saa sita wanafunzi wanajifunzia palepale. Kila mutu na neno lake la siri: mama anafungua yote, wanafunzi wanafungua ya kwao tu.

Siku moja nikasoma kwamba prosesa ya namna yetu iko na kasoro. Si mu Windows. Ni chini kabisa, mu programu ndogo ya kiwandani, ile inayoamka mbele ya zote na kugawa ruhusa. Mwenye ruhusa ndogo anaweza kupitia pale akajifanya mukubwa wa mashini. Nikapima yetu: iko wazi.

Dawa ilikuwepo, mise à jour, kuweka programu mpya juu ya ile ya zamani. Lakini siye hiyo kitu hatufanyi. Kura, ule umeme wa muji, ikikatika katikati, mashini haiamuki tena, na betri yetu ya akiba ilikuwa imekufa zamani. Nikamwambia mama tungoje, haraka haraka haina baraka. Akaniuliza kesho yake, na kesho kutwa tena. Nikamukaripia mbele ya watu, eti yeye anajua nini ya prosesa.

"Kaka," akasema polepole, "weye unaogopa mashini ife. Mie naogopa watu wafe. Mwanafunzi mumoja akifungua liste, wenye kuwatafuta wakijua nyumba, itakuwa je?"

Haya ilinishika kweli.

Siku ya kwanza ya juma akafika na mwenzake wa korali, kwaya yao ya kanisa, wanasukuma toroli. Ndani kulikuwa betri ya gari na konvertisere yake ya kugeuza umeme, vile wanatumia kwa mikro za kanisa. Alikuwa ameomba korali nzima ifanye mazoezi kwa sauti tupu. Wakakubali.

Tukaunganisha, nikaanzisha. Haikufika nusu, kura ikakatika pote mu karche, mtaa muzima. Taa zilizimika, feni ikasimama, lakini mashini ikaendelea kunguruma mpaka mwisho. Nikapima tena: imefungwa.

Nikamuomba mama msamaha, nikamushukuru. Nikamuuliza sababu gani alinisukuma vile, wakati wakubwa wote wa ofisi walikuwa wamenyamaza.

Akakaa kwenye kiti chake, akafungua liste, akaweka kidole kwenye jina la mwanamuke muzee, jina ambalo nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kulisoma.

"Huyu ndiye alinizaa," akasema, na akaanza kuandika familia yenye kufika asubuhi ile.