Sanduku Lililotaka Kuona Mbingu

Mnisamehe kwanza mwandiko huu na makosa yake. Nilimaliza shule ya msingi tu, na kalamu yangu inatembea polepole. Lakini watu wa kijiji chetu, upande wa Kamango, wamenisema sana, na mimi kujibu kwa mdomo naona haya.

Ndege ilishuka katika shamba letu la maharagwe tukiwa tunapalilia, mimi na mama. Haikulia hata kidogo. Mabawa marefu meupe yalipita juu ya migomba, yakakwaruza udongo, yakasimama mtaroni. Ndani mlikuwa na muzungu mmoja, mguu umevunjika.

Vijana walifika na mapanga.

"Moteri iko wapi?" mmoja akauliza kwa Kifaransa chake cha barabarani, akitafuta injini.

"Haina moteri," muzungu akajibu. "Inabebwa na upepo."

Alidhani jibu hilo litawatuliza. Kwetu, ndege isiyolia ndiyo inayokuja kupeleleza.

"Amekubali mwenyewe! Ni drone!"

"Drone iko na mutu ndani?" mama akafoka. "Na maharagwe yangu munakanyaga, nayo ni drone?"

Kifuani muzungu alikuwa na kisanduku cha rangi ya machungwa, taa yake inawaka na kuzimika. Alisema ni balise, inaita. Alitaka kueleza inaita nani, lakini neno hilo moja liliwatosha.

"Inaita basoda, inaita askari! Tuivunje!"

Mama hakutaka damu katika shamba lake. Alikinyakua, akakitia katika kitunga, akakifunika kwa sombe, majani ya mihogo tuliyochuma asubuhi, akakaa juu yake. Alidhani amekiokoa.

Muzungu akaanza kupiga kelele, "Ciel! Ciel!" akionyesha kitunga, kisha juu.

"Anaomba Mungu," akasema mzee wa kanisa. "Mumuache aombe."

"Hapana," nikasema, maana Kifaransa cha shule kilinitosha kujua kuwa ciel ni mbingu. Sauti ilitoka ndogo. "Sanduku ndiyo inataka kuona mbingu. Bila vile hakuna mutu ataisikia."

Wakacheka. "Sanduku nayo iko na zambi? Ipelekeni kwa padiri!"

Nilivuta kitunga chini ya mama, nikatoa kisanduku, nikapanda juu ya kichuguu na kukiinua. Maneno yalikuwa mengi juu yake, hakuna hata moja la Kiswahili. Jiwe likanipiga begani.

"Mutoto wangu, shuka!" mama akalia.

Sikushuka.

Helikopta ilikuja jua likiwa bado juu, na askari ndani. Walimbeba muzungu. Upepo wa helikopta ukalaza maharagwe yaliyobaki. Askari wakapiga vijana makofi, wakanyang'anya mapanga. Donc, basi, tangu siku hiyo watu wanasema ni mimi niliyeita askari. Nilipofika kuchota maji, wanawake walisogeza bidoni zao za maji mbali na yangu. Mama akanituma Butembo, kwa shangazi yangu wa mtaa wa Kimemi, na huko ndiko ninakoandikia.

Ninyi mnaoruka bila moteri, nina hasira nanyi pia. Mnapita juu yetu na hamjui tunaogopa nini. Andikeni juu ya visanduku vyenu kwa Kiswahili: ninaita waganga wa hospitali, msinifunike.

Na kama kuna anayejua iwapo yule muzungu alipona, aniandikie. Nitamtumia mama barua hiyo, isomwe kwa sauti pale wanapochota maji.