Filimbi ya Kuitia Kanga

Harufu ya vumbi la mbao za mringaringa kwa seremala imenirudisha kwetu Kibosho, kwenye mashine ya baba ya kukereza. Alikuwa ametengeneza filimbi ya kuitia kanga, na mwindaji angeifuata jioni ileile. Akanipa msasa nimalizie.

"Iwe laini kama yai, mama."

Nikasugua kila mahali, hata ule ukingo mkali wa tundu unaotoa sauti. Baba alipopuliza, ukatoka upepo mtupu.

"Baba, nimeiharibu?"

"Umeiua kabisa!" Akacheka. Mwindaji akapewa filimbi ya baba mwenyewe.

Jumapili baba akaivaa yangu shingoni, tukaenda kanisani. Jirani akamwambia, "Hebu puliza tusikie."

"Hii si ya kupuliza," akajibu, akiipapasa kwa kidole gumba.

Sikujua kama nimesifiwa au nimesemwa.