Namna Shangazi Tabea Alivyovuka Ugogo

Shangazi yangu, Tabea Nyagawa, alikuwa mfumaji wa masweta pale njia panda ya Makambako, na kwa miaka mingi aliishi kwa baridi kama vile mkulima aishivyo kwa mvua. Magari ya Iringa, Mbeya na Songea yalikuwa yakisimama hapo alfajiri, ukungu ukiwa bado umetanda barabarani, na madereva walioshuka wakitetemeka walimkuta ameketi kando ya kikapu chake, sindano zikienda mikononi bila yeye kuzitazama.

"Kamwene, mwanangu," alikuwa akimwambia dereva. "Hicho kifua umekiazima kwa mtu? Mbona hukitunzi?"

"Mama, nina koti."

"Koti la kitambaa! Hilo ni la kwendea barazani kwa Bwana Shauri. Njoo uvae kondoo."

Dereva alicheka, akavaa, na hakuvua tena mpaka Mbeya.

Sufu aliinunua kwa wafugaji wa upande wa Njombe, akaisokota mwenyewe, akaifuma mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kumwita boi, yaya wala kibarua. Naandika habari zake kwa sababu watu wa namna yake hawaandikwi. Tunaandikiwa habari za magavana waliopita kwa gari na kupungia mkono, na habari za machifu waliopungiwa. Mjane aliyeivalisha sufu nusu ya barabara kuu ya nchi hii hana hata mstari mmoja. Jambo hilo ni aibu, na aibu hiyo ni yetu sisi tuliofundishwa kuandika.

Mumewe, Lukas, alichukuliwa akiwa kijana kubeba mizigo katika vita ile ya kwanza ya Wazungu. Aliwabebea Wajerumani, kisha alipokamatwa akawabebea Waingereza, na mzigo, alivyosema mwenyewe, ulikuwa na uzito uleule. Katika kubeba huko alipita Ugogo kwa miguu wakati wa kiangazi. Alirudi nyumbani akiwa mzima, akaoa, akalima, akawa mtu wa mzaha. Lakini habari za nchi ile hakuzifanyia mzaha. Alimwambia mkewe kwamba kule ardhi imepasuka kama chungu kilichosahauliwa motoni, kwamba wenzake walianguka huku midomo yao imeshikana kwa kiu, na kwamba aliyekaa chini kupumzika aliinuliwa kwa kiboko. "Tabea," alikuwa akisema, "nchi ile ingefaa mtu aivuke amelala kitandani."

Lukas alifariki mwaka wa nzige bila kuivuka tena.

Sasa binti yao, Noela, alikuwa ameolewa na Nahumu Sanga, Mkinga wa Makete aliyekuwa karani mjini Tabora, na akajifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mama hamwachi binti aoge uzazi peke yake. Shangazi alifunga safari, akaniomba mimi, mwana wa kaka yake, nimsindikize kwa kuwa shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa imefungwa. Tulipofika Iringa kukata tiketi za treni, karani wa dirishani aliuliza bila kuinua macho, "Tatu?"

"Ya kwanza," akasema Shangazi.

Karani akainua macho. "Mama, daraja la tatu ndilo lenu."

"Hilo la kwanza lina vitanda?"

"Lina vitanda, lakini..."

"Basi nataka kulala. Mpwa wangu huyu ana mgongo wa kijana, mpe la tatu."

Hapa sina budi kusema wazi jambo ambalo wengine hulizungukazunguka. Hakuna sheria iliyomkataza Mwafrika kununua tiketi ya daraja la kwanza. Lingekuwapo andiko, tungelisoma, tungelipinga, tungedai lifutwe. Kulikuwa na desturi tu, inayotekelezwa kwa nyuso: uso wa karani, uso wa mkaguzi, uso wa abiria aliye ndani. Desturi isiyoandikwa ni ngumu kuliko sheria, kwa kuwa kila anayeitekeleza hudai kwamba si yeye aliyeitunga. Lakini desturi hiyo ina udhaifu mmoja: haijui la kufanya inapokutana na mtu asiyesoma nyuso. Karani yule akakata tiketi.

Dodoma tuliikuta imewaka. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimeinyima Ugogo, na sisi tuliotoka katika manyunyu ya Makambako tulishuka kwenye basi kama watu walioingizwa tanurini. Treni kutoka Dar es Salaam ilikuwa imesimama ikijaza maji. Nilimbebea Shangazi mizigo hadi chumba chake, na nakiri kwamba sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile juu ya magurudumu: viti vya ngozi vyenye kugeuka vitanda, shuka nyeupe zilizopigwa pasi, sinki dogo la kunawia lililokunjwa ukutani, feni, taa ya kusomea, na kengele ya kumwita mhudumu.

Shangazi alivua viatu, akapapasa shuka, kisha akabonyeza kengele.

"Unataka nini, Shangazi?" nikamwuliza.

"Sitaki kitu. Nataka kujua kama inalia."

Ilikuwa inalia. Alitokea mhudumu aliyevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, kijana mrefu ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Tarsis.

"Shikamoo mama," akasema. "Bwana wenu yuko wapi?"

"Marahaba. Bwana wangu alifariki mwaka wa nzige. Ulimfahamu?"

Tarsis akababaika. "Pole, mama. Nauliza habari za Mzungu mwenye mizigo hii."

"Mizigo hii ina mwenyewe, na ndiye uliyemwamkia sasa hivi."

Akaonyeshwa tiketi. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akachungulia koridoni, akafunga mlango. "Mama yangu," akasema kwa sauti ya chini, "usiniponze. Mkuu wa treni akikukuta humu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Twende nikutafutie nafasi nzuri kule la tatu, dirishani, karibu na akina mama wenzako."

"Kule kuna kitanda?"

"Hakuna."

"Basi hatujaanza kuelewana."

Nikaingilia kati. Nikamweleza Tarsis habari za haki, za mkataba kati ya msafiri na reli, na za heshima ya mtu mweusi katika nchi yake. Nadhani nilieleza vizuri sana, maana Shangazi alisema, "Mwanangu, mwache apumue," na Tarsis akamgeukia yeye badala yangu.

"Mama, nina watoto," akasema.

"Najua. Kola yako imeshonwa na mtu anayekupenda. Sitaki ufukuzwe. Mimi nataka kulala tu."

Wakati huo mlio ulipasuka chumbani kama wa bunduki.

Tarsis alijitupa sakafuni. Mimi nilijikuta juu ya kiti. Kitu kiligonga dari, kikarudi, kikanigonga begani, na mara povu jeupe likaruka juu ya kioo, juu ya feni iliyokuwa ikizunguka, na kutoka kwenye feni likagawanywa sawasawa kwa watu wote.

Ulikuwa ulanzi. Kwetu mama mkwe haingii kwa mkwewe mikono mitupu, na Shangazi alikuwa amemchukulia Nahumu kibuyu cha ulanzi, maji yale matamu yanayokingwa kwenye mwanzi uliokatwa ncha. Siku ya kukingwa ni kinywaji cha watoto, na hata wachungaji wetu Walutheri hukiruhusu. Kikikaa kinaamka na kuwa pombe kamili. Kwa kawaida mdomo wa kibuyu huzibwa kwa majani mepesi ili kipumue. Lakini Shangazi alihofia usimwagike ndani ya basi, akauziba kwa gunzi la hindi na kuupaka nta. Katika baridi ya Makambako, kibuyu kile kingevumilia. Hakuna mtu wa kwetu ambaye angefikiria kwamba kuna nchi yenye joto la kuamsha ulanzi kabla ya safari kwisha.

Tarsis aliinuka polepole. Povu lilimchuruzika kwenye nyusi. Akajiramba mdomo bila kukusudia, akatulia, akajiramba tena.

"Mama," akauliza, "hiki ni nini?"

"Kilikuwa zawadi ya mkwe wangu."

"Mkwe wako ana bahati."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na Tarsis naye akashindwa kujizuia, na mimi, niliyekuwa ningali juu ya kiti nikiwa na gunzi mkononi, nikawa wa mwisho kuelewa kwamba hakuna aliyepigwa risasi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkuu wa treni, Mzungu mnene mwenye jasho na saa mkononi, aliyefuata mlio ule. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akanusa.

"Pombe," akasema.

Tiketi isingeweza kututoa mle, lakini harufu ile ingeweza. Kwa Mwafrika kukutwa na kileo chenye nguvu katika chumba kama kile, hakuna ambaye angeuliza jambo la pili.

"Nilipoipakia haikuwa pombe, Bwana," Shangazi akasema kwa upole. Alikuwa amekwisha chukua khanga yake ya pili na kupanguza kioo. "Ilikuwa imeokoka. Joto la huku ndilo lililoirudisha duniani."

Tarsis akakohoa sana.

"Pombe hairuhusiwi humu," akasema mkuu wa treni. "Wewe utashuka."

"Sawa, Bwana. Lakini nieleze kwanza. Nilipopita kuja huku niliona behewa lenye meza, na chupa zimepangwa kama vitabu vya nyimbo, na waheshimiwa wawili wanakunywa mchana kweupe. Nao watashuka? Maana kama tunashuka wote, nitawangoja, tushuke pamoja."

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mkuu wa treni akatazama dirishani. Nje, mashine ilikuwa imekwisha kujaa maji, na mtu wa stesheni alikuwa akipuliza filimbi kumwita.

"Wewe," akamgeukia Tarsis, "ana tiketi?"

Tarsis angeweza kusema kwamba hajaiona. Mtu mwenye watoto asingelaumiwa kwa hilo. Akanyoosha kanzu yake iliyolowa. "Anayo, Bwana. Ya kwanza, mpaka Tabora. Nimeisoma mbele na nyuma."

"Basi safisha," akasema mkuu wa treni, akatazama saa yake, akaondoka akikimbia.

Treni ikatikisika, ikaanza kwenda, nami nikiwa bado chumbani na tiketi yangu ya daraja la tatu. Tarsis alinitazama. "Wewe mwalimu utashuka Saranda, uhamie la tatu," akasema. "Mpaka hapo, shika kitambaa." Tukasafisha wote watatu, na yale yaliyosalia ndani ya kibuyu Tarsis aliyaondoa kwa njia ambayo sikuona haja ya kuichunguza.

Kisha Shangazi akalala. Alijinyoosha kitandani kwa ubavu, mto mweupe chini ya shavu, uso dirishani, na Ugogo ukaanza kupita. Baada ya Bahi nchi ilikuwa tambarare tupu, nyeupe kwa chumvi, imepasukapasuka mpaka upeo wa macho. Miiba ilisimama bila jani. Vimbunga vyembamba vya vumbi jekundu vilitembea huku na huku kama watu wasio na haraka. Ndani feni ilizunguka, na Tarsis alileta chai katika vikombe vyenye visahani.

"Ni kama alivyosema," Shangazi akanong'ona. "Chungu kilichosahauliwa motoni." Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu anayehakikisha kazi iliyofanywa vizuri. Mimi sikuongeza hotuba, na wanaonijua watathibitisha kwamba hilo si jambo la kawaida.

Tulipopita Kintinku treni ilipunguza mwendo juu ya daraja. Chini hapakuwa na mto, palikuwa na mchanga. Akina mama walikuwa wamechimba mashimo mchangani. Mmoja alionekana kichwa na mikono tu, akiwapa wenzake maji kwa kata, kidogo kidogo. Waliposikia treni waliinua nyuso, wakapunga mikono.

Shangazi aliinuka ghafla, akakaa, akaanza kuhangaika na kamba ya dirisha.

"Shangazi, lala," nikamwambia. "Umekipigania kitanda hicho. Ni haki yako."

"Watu wananisalimu, nawe unataka niwaitikie nimelala kama mgonjwa? Lukas hakuniambia kwamba kuna wanawake huku. Tarsis! Hawa husalimiwaje?"

"Mbukwa, mama."

Dirisha likashuka. Vumbi na joto vikaingia pamoja, vikatua juu ya shuka nyeupe. Alitoa kichwa nje, na mabega, na mkono mmoja. "Mbukwa!" akapaza sauti. "Mbukwa, mama zangu!"

Kutoka mchangani sauti nyingi zikamrudishia, na yule wa shimoni akainua kata yake juu. Nikaogopa kwamba mkuu wa treni angesikia, nikamshika mkono kumrudisha kitandani.

"Niache," akasema bila kugeuka. "Safari hii nimeinuka mwenyewe, bila kiboko. Na wewe sogea, unalala juu ya mto wangu."

Alibaki dirishani, uso mwekundu kwa vumbi, akisalimia kila mtu aliyeonekana katika nchi ile, mpaka Saranda.