Picha Mezani kwa Meneja

Mvua za masika ndizo zilizoteremsha mafuta hadi kwenye mikoko ya Jomvu Kuu. Bomba lilikuwa limepasuka huko juu, na kaa wakafa midomoni mwa mashimo yao. Maji ya kisima chetu yakawa hayanyweki.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi Changamwe, kwenye bohari la mafuta lenye bomba hilo. Mdogo wangu wa kike alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya watoto waliotoka vipele. Usiku tulikula sinia moja na Mama, na bomba halikutajwa.

Siku watu wa kwetu walipoandamana hadi langoni pa bohari, sita walikamatwa. Asubuhi yake meneja aliniita. Nilikuta askari kanzu wawili, na mmoja akanisukumia picha: mdogo wangu, buibui limerowa tope, ameinua chupa ya maji meusi.

"Wamjua huyu?"

Meneja alikuwa akinitazama.

"Simjui."

"Tazama vizuri."

"Simjui, bwana."

Askari akaitia picha ndani ya bahasha. "Yeye anakujua. Majina ya wenzake amekataa kuyatoa, lakini lako amelitoa. Ati u kakake, utakwenda kumdhamini."

Nafasi ya kusema kweli ilikuwa ile. Niliwafungulia mlango, wakatoka. Mpaka leo sijui kama nilidhani namkinga yeye, au nilikuwa naikinga kazi yangu.

Walimweka siku tisa. Mama alizunguka na kibakuli cha chakula, kituo hadi kituo mpaka Likoni, na kila mahali akaambiwa hayupo. Mdogo wangu aliporudi, mkono wake wa kushoto ulikuwa hauinuki. Aliketi jikoni, akanitazama.

"Kaka, waliniambia umesema hunijui. Nikawaambia wallahi ni waongo. Ni waongo, sivyo?"

Mama aliacha kukoroga uji.

"Waongo," nikasema.

Bomba lilizibwa kiraka. Kazi niliiacha mwaka uliofuata, bila kumweleza mtu sababu. Mdogo wangu aliolewa Shika Adabu, upande wa Likoni, na bado huandamana, chupa kaishika kwa mkono wa kulia. Kila Idi nikienda kuwaona, huwaita wanawe.

"Njooni mumwamkie mjomba wenu. Walimtisha anikane, akakataa."

Watoto huja mmoja mmoja, wakanibusu mkono. "Shikamoo, mjomba."

Nami huwaitikia, marahaba.