Bei Niliyompangia Mchawi wa Runingani

Kama umekuja kutafuta hadithi ya kutunga, geuka urudi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana peupe, katika saluni ya Kenyatta Market, na ushahidi bado uko kichwani mwangu.

Mnajua pale mtu anavyosukwa. Wasusi watatu, wanne, wanakuvamia kwa pamoja ili umalize upesi. Na mimi nilikuwa na haraka. Mama alikuwa nyumbani Kangemi, hasemi, hali, na ni mimi niliyekuwa nikimgeuza na kumwosha. Dada yangu mkubwa, Njeri, alituma salamu tu. Siku hiyo jirani alikubali kunishikia zamu.

Runinga ya ukutani ilikuwa ikionyesha tamthilia ya falme na wachawi. Mimi kukosoa ndiyo starehe yangu, basi nikaanza. Nchi gani hii ina theluji mwaka mzima na watu wanatafuna mahindi mabichi? Yalipandwa wapi? Mara mchawi akafunga fundo kwenye nywele zake, mtoto aliyekuwa akikata roho akaketi, na mchawi akaenda zake kula.

"Upuzi!" nikasema. "Uchawi wa bure? Si basi kila mtu angeponya wake?"

Wasusi wakacheka. Yule wa kisogoni, ambaye sikuwa namwona, akauliza, "Sasa wewe ungeweka bei gani?"

"Mgonjwa apone, lakini amsahau kabisa yule ambaye yeye mwenyewe anampenda kuliko wote."

"Hiyo ni kali."

"Bila ukali si bei."

"Na wewe, mgonjwa wako ni nani?"

"Mama," nikasema, nikicheka. "Bei ikiwa hiyo, pole kwa Njeri." Mtaa mzima unamwita Mama Njeri. Niamini, nilikua nikijua anampenda nani.

Fundo likakazwa kisogoni hadi machozi yakanitoka.

Walipomaliza nikageuka kushukuru. Watatu. "Mwenzenu wa nyuma ako wapi?"

"Mwingine gani? Si ni sisi tu watatu, kastoma."

Simu ikalia. Jirani alikuwa akipiga kelele: "Kuja haraka! Mama Njeri ameamka, anaitisha chai!"

Nilimkuta ameketi kitandani, kikombe mkononi. Alimjua jirani. Alimuulizia mchungaji, hata kuku wetu aliyekanyagwa na gari zamani. Akaongea na Njeri kwa simu, akicheka. Kisha akanitazama. "Na huyu mmeniletea ni nani?"

Daktari anasema ni ugonjwa. Ugonjwa gani unachagua mtu mmoja? Nilimwonyesha picha zetu, akasema huyo msichana aliye kando yake ana sura ya kiburi. Nikiingia, anaficha kibeti chini ya mto. Njeri amehamia pale, na mama anamtambulisha kama mwanawe wa pekee. Mimi niliyeishi nikidhani sipendwi, sasa najua nilipendwa kuliko wote, na inaniuma kila siku.

Ule msuko wa kisogoni haufumuki. Nimeukata, asubuhi naukuta umesukwa tena.

Kwa hiyo wewe unayependa kukosoa, mtu usiyemwona akikuuliza uchawi ulipiwe nini, sema usilipiwe chochote. Sema tamthilia ni tamu, na mahindi yanaota kwenye theluji. Mimi nilitaka bei kali. Jana mama alinihurumia kidogo, akanikaribisha chai, akaniuliza kama mimi pia nina mama.